Mjadala: Je, ni halali Kiswahili kuviita «vya ulinzi» vyombo vya kijeshi vilivyoko anga za juu?

Mleta mada

Ndugu zangu, naleta hoja hii kwa wote wanaoandika, wanaotafsiri na wanaosoma habari za kijeshi kwa Kiswahili. Lugha yetu iliingizwa katika orodha ya lugha rasmi za SADC mwaka 2019, na Umoja wa Afrika ukaipokea kuwa lugha ya kazi mwaka 2022. Kwa hiyo nyaraka zinazohusu vyombo vya kijeshi vinavyozunguka juu ya vichwa vyetu zitazidi kutufikia, na sisi ndio tutakaozipa maneno. Swali langu ni hili: je, tuviite vyombo hivyo «vya ulinzi» kwa sababu tu wenye navyo wanaviita hivyo? Mimi nasema hapana. Chombo kipewe jina kwa kazi kinayoifanya, na nia ya mwenye chombo iandikwe kuwa ni maelezo yake.

Nianze na neno «anga» lenyewe, kwa kuwa makosa mengi yanachipukia hapo. Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania inasimamia ndege, na jeshi lolote la kwetu likitaja ulinzi wa anga, msikilizaji anaelewa rada na makombora ya kuzuia ndege za adui. Hapo neno limekaa mahali pake, kwa sababu Mkataba wa Chicago wa 1944 unaipa kila nchi mamlaka kamili juu ya anga iliyo juu ya ardhi yake. Ukipanda zaidi, hadi kule zinakopita setilaiti, sheria inageuka kabisa: Mkataba wa Anga za Juu wa 1967 unakataza nchi yoyote kujimilikisha sehemu yoyote ya huko. Chini unalinda chako. Juu hakuna chako, isipokuwa chombo ulichokirusha. Mwandishi anayetumia «ulinzi wa anga» kwa mambo hayo mawili anamfanya msomaji aamini kwamba taifa fulani lina ua wake huko juu na linasimama mlangoni kuulinda.

Tofauti hii ina historia ya damu na jela. Tarehe 1 Mei 1960 ndege ya Marekani aina ya U-2, iliyokuwa ikipiga picha ndani ya Umoja wa Kisovyeti, iliangushwa karibu na Sverdlovsk, na rubani wake, Francis Gary Powers, akashitakiwa kwa ujasusi. Alihukumiwa tarehe 19 Agosti mwaka huohuo. Siku hiyohiyo, karibu na Hawaii, ndege ya jeshi la Marekani ilidaka kifurushi kilichokuwa kikishuka kwa mwavuli kutoka katika chombo kilichotangazwa kwa jina la Discoverer 14. Ndani yake mlikuwa na filamu za picha za ardhi ya Kisovyeti, na eneo lililopigwa picha katika safari hiyo moja lilizidi lile la safari zote za U-2 zikijumlishwa. Kazi ilikuwa ileile, na waliotazamwa walikuwa walewale. Aliyeruka chini aliitwa jasusi na kufungwa, na chombo kilichopita juu kilitangazwa kwa umma kuwa cha utafiti wa kisayansi. Jina lake la kweli, Corona, lilifichwa hadi mwaka 1995, picha zake zilipofunguliwa kwa umma kwa amri ya Rais Clinton.

Jambo hilohilo lilijirudia kwa sura nyingine mwezi Februari 2023, wakati puto la China lilipovuka Marekani likiwa kwenye kimo cha kilomita 18 hivi. China ilisema ni la kuchunguza hali ya hewa, Marekani ikasema ni la kijasusi, na tarehe 4 likaangushwa nje ya pwani ya South Carolina. Setilaiti za China zilikuwa zikipita juu ya nchi hiyohiyo wiki ileile, kama zipitavyo za Marekani juu ya China, na hapakuwa na sheria iliyovunjwa.

Sasa nije kwenye neno «ulinzi», ambalo ndilo linaloniumiza zaidi. Mwezi Februari 2008 Marekani ililipua setilaiti yake iliyoharibika, USA-193, kwa kombora la SM-3 lililorushwa kutoka melini. SM-3 ni kombora lililobuniwa kuzuia makombora mengine, yaani la ulinzi kwa kila karatasi linamotajwa. Lilirekebishwa kidogo tu likawa la kuvunja setilaiti. India nayo, tarehe 27 Machi 2019, ilivunja setilaiti yake kwa chombo kilichotokana na mradi wake wa kujikinga na makombora. Kwa hiyo mtu anaposoma kwamba Marekani ilitangaza mwaka 2025 mpango wa Golden Dome, yaani Kuba la Dhahabu, wenye vizuizi vya makombora vitakavyokaa katika obiti, ile njia ya kuizunguka dunia, asidhani kwamba kuba hilo lina uwezo wa kukinga tu. Chombo kinachoweza kulifikia kombora linalopaa kwa kasi ile kinaweza kuifikia setilaiti inayopita kila siku kwa njia inayojulikana.

Nimalizie na kitenzi «kutungua», ambacho magazeti yetu yamekihamisha kutoka kwenye ndege na kukipeleka kwenye setilaiti. Tunatungua embe likaanguka. Tunatungua ndege ikaanguka. Setilaiti ikipigwa haianguki. Inasambaratika, na vipande vyake vinaendelea kuzunguka kwa kasi ileile. China ilipoivunja setilaiti yake ya hali ya hewa, Fengyun-1C, Januari 2007, kwenye kimo cha zaidi ya kilomita 800, vilihesabiwa vipande zaidi ya 3,000 vinavyoweza kufuatiliwa, na vingi vinazunguka hadi leo. Urusi ilipoivunja Cosmos 1408 tarehe 15 Novemba 2021, watu saba waliokuwa katika Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu, Warusi wenyewe wakiwemo, walilazimika kujificha katika vyombo vyao vya kurudia duniani. Anayeandika «ilitunguliwa» anamwambia msomaji kwamba jambo limekwisha, ilhali ndipo linapoanza. Napendekeza «kuvunja» au «kusambaratisha».

Nawaachia uwanja.

Mchangiaji wa kwanza, Nairobi

Mwenzangu, nimekusoma kwa makini na nakubaliana nawe kuhusu «kutungua» bila kusita. Kuhusu mengine nina shaka tatu, na nitakaa zaidi kwenye ya mwisho.

Umetumia neno «ujasusi» kana kwamba lina maana moja kote linakosemwa. Huku Kenya, idara ya taifa inayokusanya habari za usalama huitwa Idara ya Ujasusi, na hakuna Mkenya anayelisikia jina hilo kama tusi. Tanzania mnasema Usalama wa Taifa, na jasusi kwenu ni mtu wa adui. «Upelelezi» nao kwetu sote ni kazi ya polisi wanaochunguza jinai. Ukisema chombo kipewe jina kwa kazi yake, utachagua kazi hiyo kwa Kiswahili cha nani?

Shaka ya pili ni kwamba kazi yenyewe haionekani kwa macho. Taifa-1, setilaiti yetu iliyorushwa tarehe 15 Aprili 2023, inapiga picha za mashamba, misitu na mafuriko. Picha ya bonde lililofurika inapigwa kwa lenzi ileile inayoweza kupiga picha ya kambi. Ukiniambia chombo kiitwe kwa kile kinachoweza kufanya, basi Taifa-1 ni ya kijasusi, na hata setilaiti yoyote yenye injini ya kuhama njia ni silaha, kwa sababu inaweza kugonga nyingine. Jina litakaloenea kila mahali halitatusaidia kutofautisha chochote.

Shaka ya tatu ndiyo nzito. Wewe unaona lugha laini kuwa ni hila. Mimi naona kwamba lugha laini iliwahi kuzuia vita. Mwaka 1972 Marekani na Umoja wa Kisovyeti zilitia saini mkataba wa kupunguza makombora ya kujikinga, na katika kifungu cha 12 kila upande uliahidi kutovuruga «njia za kiufundi za kitaifa» ambazo upande mwingine ungezitumia kuhakikisha kwamba mkataba unatekelezwa. Kila aliyekuwa mezani alijua kwamba njia hizo ni setilaiti za kupiga picha. Hawakulitaja neno hilo, kwa kuwa zilikuwa bado siri. Rais Carter ndiye aliyekiri hadharani kwamba zipo, tarehe 1 Oktoba 1978, akiwa Florida. Lau wajumbe wangelazimishwa kuandika «setilaiti za kijasusi», nani angekubali kuahidi kumlinda jasusi wa mwenzake? Chombo kilichomtazama adui kwa siri ndicho kilichompa kila mmoja ujasiri wa kupunguza silaha. Hapo, ndugu yangu, kutazama kulikuwa ni ulinzi kwa maana yake halisi.

Mchangiaji wa pili, Pwani

Nitakuwa mfupi. Mnajadili kana kwamba sisi ni watazamaji, ilhali nchi zetu zimo ndani ya jambo hili tangu zamani. Jukwaa la San Marco, lililo baharini karibu na Malindi, lilirusha setilaiti ya Uhuru tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, nayo ilikuwa ya kuchunguza nyota kwa miale ya eksirei. Mwaka 1976 Kenya, Uganda na Zaire zilikuwa miongoni mwa nchi nane za ikweta zilizotoa Azimio la Bogotá, zikidai kwamba njia ya setilaiti iliyo kilomita 35,786 juu ya ikweta ni mali ya nchi zilizo chini yake. Dai lile halikukubaliwa, lakini ona kwamba wakubwa wetu walikuwa na hoja ya umiliki wa huko juu, na leo mleta mada anasema hakuna cha mtu. Na tarehe 30 Desemba 2024 pete ya chuma ya uzito wa kilo 500 hivi iliangukia kijiji cha Mukuku, Makueni. Kwa watu wa kijiji kile, lililoanguka kutoka juu ni «chuma», na anayewadai jina la kitaalamu anawachelewesha kuuliza fidia iko wapi.

Mleta mada

Nawashukuru nyote wawili, na nikiri kwamba hoja ya mkataba wa 1972 imenisogeza.

Kwanza, ndugu wa Pwani. Azimio la Bogotá ni ushahidi mzuri wa jinsi jina linavyobeba haki. Nchi zile nane ziliiita njia ile maliasili, na lau neno hilo lingekubaliwa, kila setilaiti ya kijeshi iliyokaa kule ingehitaji ruhusa yao. Walishindwa kwenye neno, wakashindwa na kwenye njia. Kuhusu Makueni, uko sahihi kwamba mwanakijiji haniwii istilahi. Mimi ndiye ninayemwia, kwa sababu mkataba wa fidia wa 1972 unaidai nchi iliyorusha chombo, na kumpata mrushaji kunahitaji barua iliyoandikwa kwa maneno yasiyo na utata.

Mwenzangu wa Nairobi, naliondoa «ujasusi» katika pendekezo langu. Umenionyesha kwamba neno hilo linahukumu huku na linapongeza kule. Badala yake nasema «setilaiti ya kupiga picha», «setilaiti ya kunasa mawasiliano», «setilaiti ya kutahadharisha makombora», kisha mwandishi ataje inatumiwa na nani: wizara ya kilimo, kampuni ya biashara, au jeshi. Hapo Taifa-1 inabaki na heshima yake. Silaha nayo nisingeiita hivyo kwa kile inachoweza tu. Ningeiita hivyo pale ilipojaribiwa kwa kuvunja, kama ilivyofanywa na nchi nne tulizozitaja.

Lakini siwezi kukufuata mpaka kwenye «ulinzi». Wajumbe wa 1972 walichagua maneno yasiyosema chombo ni kizuri wala kibaya: njia, za kiufundi, za kitaifa. Hawakuziita za ulinzi. Ukimya wao uliacha nafasi kwa pande zote mbili, ilhali neno «ulinzi» linamweka mmoja katika haki na mwingine katika uchokozi kabla msomaji hajaambiwa kilichotendeka.

Tazama mahali ambapo tunalihitaji neno leo na hatuna. Mwaka 2018 waziri wa majeshi wa Ufaransa, Florence Parly, alieleza hadharani kwamba mwaka uliotangulia setilaiti ya Urusi iitwayo Luch-Olymp iliisogelea mno Athena-Fidus, ambayo Ufaransa na Italia huitumia kwa mawasiliano ya kijeshi, na akauita mwenendo huo ujasusi. Urusi imekuwa ikiziita baadhi ya setilaiti zake zenye mwenendo wa namna hiyo za ukaguzi. Marekani, tangu 2014, ina setilaiti za GSSAP zinazosogelea za wengine katika njia ileile ya ikweta, nayo huiita kazi hiyo kufuatilia hali ya anga za juu. Mmoja anakagua, mwingine anafuatilia, na anayesogelewa anasema anafanyiwa ujasusi. Nimejaribu «kunyemelea», nikaona linahukumu kama «ujasusi». Nimejaribu «kukaribia», nikaona ni hafifu, kwa sababu setilaiti hukaribiana pia kwa bahati mbaya. «Kusogelea» ndilo ninalolitumia kwa sasa, kwa kuwa linasema kwamba aliyesogea amekusudia, bila kusema alikusudia nini.

Mwenye neno bora zaidi kwa kitendo hicho kimoja, naomba alilete hapa pamoja na sentensi aliyolitumia.