Mafundi wa Mbeya, baridi ya huku haipoozi mashine mliyoiziba pumzi. Mmeniulia laptopu!

Wakuu, salaam. Naandika nikiwa na hasira na sitazificha. Mashine iko mezani mbele yangu, kifuniko cha chini kimefunguliwa, na kwenye kisahani cha chai nimeweka nilichokitoa ndani yake. Nitaeleza mpaka mwisho, kwa sababu siku niliyokwenda pale dukani nilikuta watu wanne kwenye benchi, kila mmoja kapakata mashine ya gemu kama yangu.

Kazi yangu ni kuhariri video za harusi na sendofu, naishi Soweto hapa Mbeya. Usiku nikimaliza kazi nacheza gemu. Laptopu niliinunua ikiwa imetumika, 1,700,000, na kila shilingi ya hela hiyo ilitoka kwenye harusi za watu. Prosesa, yaani ubongo wa mashine, ni Core i7-9750H, kadi ya picha ni GTX 1660 Ti ya GB 6. Ni kizazi cha 2019, siyo mpya, lakini ilikuwa inanilisha na kunilipia kodi.

Mwezi wa nane, vumbi la kiangazi lilipokolea, feni ikaanza kuunguruma kama bajaji inayopandisha kilima na abiria watatu. Nikaipeleka kwenye duka moja Mwanjelwa. Ombi langu lilikuwa moja tu: safisha, badilisha pesti (ile krimu inayopitisha joto la prosesa), nirudishie. Fundi akaniambia, "Dogo, kusafisha elfu thelathini. Ongeza hamsini nikupandishie na kasi, prosesa ifike 5 GHz." Nikamuuliza, na joto je, kaka? Akacheka. "Wewe uko Mbeya, hauko Dar. Huku kuna AC ya Mungu, mashine itachemkia wapi?"

Nikatoa elfu themanini. Nilimwamini kwa sababu ndiye fundi, na mimi nilikuwa na harusi ya Uyole ya kumaliza.

Siku mbili za kwanza ilikimbia kweli. Siku ya tatu, nikiwa narenda, yaani mashine inatoa video iliyokamilika, vitufe vya katikati ya kibodi vikawa vya moto kiasi kwamba kidole hakikai. Nikafungua HWiNFO, programu ya kusoma joto na kasi, nione namba: nyuzi 99, na kasi imeporomoka mpaka 1.9 GHz. Someni hapo tena. Prosesa hii kasi yake ya msingi ni 2.6 GHz. Nimelipa elfu hamsini ya kuongezewa kasi, nikapewa mashine inayokwenda chini ya ilivyotoka kiwandani! Sababu yake haina uchawi wowote. Prosesa hii kikomo chake ni nyuzi 100, na ikikaribia pale inajibana yenyewe, inapunguza kasi ili isiungue. Ukiipa umeme mwingi zaidi bila kuliachia joto njia ya kutoka, unaipeleka kwenye ukuta ule ule mapema zaidi.

Halafu ikaja Alhamisi. Kwenye video ya harusi, gauni la bibi harusi likajaa vidoti vya kijani na zambarau. Nikadhani ni kamera. Nikarudi kwenye faili la awali, liko safi. Nikarenda upya, vidoti vimehama kutoka kwenye gauni vimekwenda kwenye uso wa mama yake. Nikajua ni memori ya kadi ya picha. Mama mwenyewe akanipigia Ijumaa asubuhi kwa upole wote: "Mwanangu, wageni wetu wa Kyela wanaondoka Jumapili, walitaka waione kabla." Sikuwa na cha kumwambia. Wale wazee wamerudi Kyela bila kuona video ya harusi ya mjukuu wao, na hilo ndilo linaloniuma kuliko elfu themanini.

Nikarudi dukani. Jibu: "Umeichezea gemu sana, dogo." Mwenye duka akaongeza kuwa dhamana yao ni ya kifaa walichouza, siyo ya kazi waliyofanya. Nikachukua mashine yangu nikaenda kwa rafiki yangu Iyunga, anajua kushika bisibisi na ana subira, tukaifungua pamoja.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa.

Kwanza, ilikuwa haijasafishwa. Waliipulizia upepo kwa nje wakaridhika. Kati ya feni na yale mapezi ya shaba ambako hewa ya moto inatokea, kulikuwa na mkeka wa vumbi umeshonana, mnene kama kipande cha blanketi. Na kweli ulikuwa blanketi: nilipouchambua kwa kibano nilikuta nyuzi nyekundu, ndizo za blanketi langu, na nywele, na masizi meusi yanayoacha mafuta kwenye kidole. Hicho ndicho kilichoko kwenye kisahani. Ukiupulizia mkeka kama huo kwa nje, unausukuma ndani zaidi. Hautoki mpaka feni ing'olewe.

Pili, pesti. Wameirundika kona moja ya prosesa kama siagi kwenye mkate, na kona ya pili ni kavu, chuma kinang'aa. Skrubu moja kati ya zinazokandamiza hitisinki, yaani chuma kinachobeba joto la prosesa, haipo kabisa. Hitisinki ikikaa upande, hata pesti ya bei gani haisaidii.

Tatu, na hili ndilo lililoniulia kadi. GTX 1660 Ti ina vipande sita vya memori kuizunguka. Kila kimoja kinatakiwa kuwa na pedi laini inayobeba joto lake kwenda kwenye shaba. Vitatu havikuwa na kitu. Pedi za zamani zilichanika wakati wa kufungua, wakazitupa, wakafunga. Na kwenye vipande hivyo hivyo vilivyo uchi, fundi alikuwa ameingia MSI Afterburner, programu ya kubadili kasi ya kadi ya picha, akapandisha kasi ya memori kwa MHz 1000. Hakuniuliza, hakuniambia.

Tukafungua pia ThrottleStop, programu inayoonyesha na kubadili vikomo vya prosesa. Hiyo "5 GHz" niliyouziwa haipo na haiwezi kuwepo. i7-9750H imefungwa kiwandani, kizidishi chake, ile namba inayopanga kasi, hakifunguki; kasi yake ya juu kabisa ni 4.5 GHz, tena kwa muda mfupi na kwa kiini kimoja. Zilizofunguliwa kwenye laptopu za wakati ule zina herufi HK mwishoni, kama i9-9980HK. Herufi moja tu, imeandikwa kwenye stika pale pale juu ya mashine! Fundi anayeuza huduma ya kupandisha kasi na hajui kusoma stika anauza nini? Alichofanya ni kuondoa kikomo cha wati 45 akaweka 90, kisha akaondoa tiki kwenye BD PROCHOT. Kwa wasioijua, hiyo ndiyo njia ambayo vifaa vingine kwenye bodi vinaiambia prosesa "punguza, tunaungua." Prosesa yenyewe itajilinda kwenye nyuzi 100, hilo hawezi kulizima. Lakini mosfeti zinazoipa umeme zilikuwa zinapiga kelele na yeye amezikata sauti.

Hili la baridi nalo lisemwe vizuri, maana naambiwa Makambako, Njombe na Mafinga mafundi wana wimbo huo huo. Baridi inasaidia, sikatai. Hewa inayoingia ikiwa nyuzi 15 badala ya 30 za Dar, prosesa nayo inashuka karibu kwa tofauti hiyo hiyo. Lakini Mbeya tuko kama meta 1,700 juu ya bahari, na hewa ya huku ni nyepesi. Shinikizo lake ni kama asilimia 82 ya lile la pwani. Feni inazunguka vile vile, inavuta ujazo ule ule, ila ndani ya ujazo huo hewa yenyewe ni pungufu, kwa hiyo inabeba joto pungufu kila mzunguko. Baridi inakupa kwa mkono wa kulia, mwinuko unachukua sehemu kwa mkono wa kushoto. Na yote hayo ni kama hewa inapita. Ikikuta mkeka wa vumbi na chuma kikavu, hata ukae juu ya mlima Loleza saa kumi alfajiri mwezi wa saba, prosesa itachemka tu.

Tena baridi ina madhara yake ambayo mtu wa Dar hayajui. Huku tunaweka laptopu juu ya blanketi kitandani kwa sababu sakafu ni barafu, na tundu la hewa la mashine nyingi liko chini, kwa hiyo tunaliziba kwa sufi na kuilisha nyuzi kila usiku. Tunawasha jiko la mkaa chumba hicho hicho, masizi yanaingia. Na mtu akisafiri nayo usiku kwenye buti la basi akafika nyumbani kwenye joto akaiwasha hapo hapo, umande unaweza kushika ndani ya mashine. Iacheni ikae kwanza mpaka ilingane na chumba. Fundi wa nyanda za juu angetuambia haya, ndiyo tungejua ni fundi wa kwetu.

Tuliyofanya sisi wawili Iyunga: tukang'oa feni, tukatoa mkeka, tukafuta pesti kwa alkoholi ya asilimia 99. Pedi tuliagiza Kariakoo zikaja kwa basi. Tulipima unene kwanza, kwa sababu pedi nene kupita kiasi inainua hitisinki isiguse prosesa, na nyembamba mno haifiki. Skrubu tukapata kwenye mashine mbovu. Tukarudisha wati 45, tukarudisha tiki ya BD PROCHOT, na badala ya kupandisha tukashusha volti kwa milivolti 100. Hapo ndipo faida ilipo wakuu: joto la prosesa linafuata mraba wa volti. Ukitoka volti 1.1 ukaja 1.0, kasi ikiwa ile ile, unapunguza karibu asilimia 17 ya umeme unaogeuka joto. Ukipandisha volti kwa asilimia 10, unaongeza asilimia 21 hata kabla ya kugusa kasi.

Kwangu ilikubali kwa sababu BIOS, ile programu ya msingi inayowasha mashine, ni ya zamani. Baada ya ule udhaifu wa usalama ulioitwa Plundervolt kutangazwa Desemba 2019, mashine nyingi za Intel zilifungiwa ruhusa ya kushusha volti kupitia masasisho ya BIOS. Kwa hiyo kagueni yenu kwanza, na msimlaumu mtu kama haikubali.

Video ile ile iliyokuwa inaipeleka 99 sasa inakwenda nyuzi 83, na kasi imetulia 3.4 GHz mwanzo mpaka mwisho. Gharama ya vifaa haikufika elfu arobaini. Kazi ilichukua jioni moja. Elfu themanini zenu zilikwenda wapi?

Lakini kadi ya picha haijapona. Nimeshusha kasi ya memori chini ya ile ya kiwandani, vidoti vimepungua, havijaisha. Ninarenda kwa prosesa peke yake. Kazi ya saa moja inakula saa tatu. Gemu ndiyo basi.

Ninyi mafundi, ninachotaka si kikubwa. Mteja akileta mashine, washa mbele yake, mwonyeshe joto kabla, na akija kuchukua mwonyeshe joto baada, mzigo ule ule, dakika kumi. Pedi ukizichana, sema zimechanika, nitanunua nyingine! Vikomo vya wati na kasi usiguse bila kuniuliza, mashine ni yangu. Na skrubu zihesabuni.

Nyongeza, saa 3 usiku: Naona wengi mnataka jina la duka. Sitaliweka kwa sasa, nimeshaongea na mwenye duka kwa simu na amekubali nije Jumamosi saa 4 asubuhi. Nitakwenda na rekodi za HWiNFO kwenye flashi, picha za vile vipande vitatu vya memori, na kisahani hiki nimekifunga kwa nailoni hivyo hivyo kilivyo. Nataka anirudishie hela na achangie matengenezo ya kadi.

Aliyeuliza kuhusu kimiminika cha chuma badala ya pesti: achana nacho kaka kama hujawahi. Kina galiamu, kinakula alumini, na kinapitisha umeme. Tone moja likidondoka kwenye bodi umemaliza kazi.

Na anayemjua fundi wa kweli wa kubadilisha vipande vya memori kwa hewa ya moto, awe Mbeya, Iringa au hata Songea, fundi anayewasha mashine mbele ya mteja, naomba anielekeze hapa chini. Mama wa Uyole bado anasubiri video yake, na nimemwahidi mwisho wa mwezi.