Tupeane uzoefu: dawa za kolesteroli (statini), Kigoma

Wakuu, uzi huu ni wa wanaozitoa, wanaozipima na wanaowahudumia wanaozimeza. Leteni ya kazini.

Mfamasia, Mwanga: Soma jina kwenye paketi kwanza. Simvastatini humezwa usiku: haikai sana mwilini, na ini hutengeneza kolesteroli zaidi usiku. Atorvastatini na rosuvastatini hukaa muda mrefu, saa yoyote sawa.

Kinachosumbua hasa ni kuchanganya. Mwenye presha anayemeza amlodipini asizidishe miligramu 20 za simvastatini kwa siku. Klarithromaisini (antibayotiki) na simvastatini hazikai pamoja kabisa. Daktari husimamisha statini mpaka antibayotiki iishe. Ritonaviri, dawa ya VVU, nayo haichanganywi na simvastatini. Zote hizo huzuia ini kuivunja statini, ikajaa kwenye damu na kuumiza misuli. Kwa hiyo ukifika dirishani kununua antibayotiki, taja unachomeza nyumbani.

Muuguzi, Ujiji: Maumivu ya statini huja pande zote mbili: mapaja, nyonga, mabega. Goti moja lililouma baada ya kulima, tafuteni sababu nyingine. Lakini misuli ikilegea na mkojo ukawa kama chai ya rangi, acha dawa na nenda hospitali siku hiyohiyo. Misuli inavunjika na mabaki yake huharibu figo. Na kina mama mkishika mimba, mwambieni daktari mapema, kwa kawaida dawa husimamishwa.

Fundi maabara, Kasulu: Angalia kipimo kimeandikwa kwa mmol/L au mg/dL. LDL (kolesteroli mbaya) ya 3.4 mmol/L ni kama 131 mg/dL. Unazidisha kwa 38.7. Watu hulinganisha karatasi mbili za maabara tofauti wakapata mshtuko wa bure. Rudia kipimo wiki 4 hadi 12 baada ya kuanza dawa.

Afisa lishe, Kibirizi: Mawese hayana kolesteroli, kweli. Ila karibu nusu yake ni mafuta yanayoganda, na hayo hupunguza kasi ya ini kuondoa LDL. Samaki wa mgebuka mchome au mchemshe. Mawese yapimwe kwa kijiko, siyo kumimina toka kwenye dumu.

Mfamasia, Mwanga: Nyongeza, maana wapo wanaojiongezea vidonge majibu yakichelewa. Dozi ikiwa maradufu, LDL hushuka kwa takriban asilimia 6 tu zaidi, huku hatari kwa misuli ikipanda. Na majibu yakiwa mazuri usiache: ukiacha, LDL hurudi juu ndani ya wiki chache.