Pete za mti zinaonyeshaje jua lilivyokuwa zamani?

FundiKibosho:
Wakuu habari za jioni. Mimi ni seremala hapa Moshi, juzi tumepasua gogo la saiprasi, pete zinaonekana vizuri kabisa, nyingine nene nyingine nyembamba kama unywele. Kijana wangu wa kidato cha tatu akasema wanasayansi wanasoma humo jua lilikuwaje miaka elfu na zaidi iliyopita. Sasa ile pete nyembamba ndo mwaka ambao jua lilikuwa dhaifu au inakuwaje?

Mwl_Njiro:
Mangi, unene wa pete huku kwetu unategemea sana mvua, usiuchukue kama kipimo cha jua. Jua linasomwa ndani ya mbao yenyewe. Iko hivi, kuna mionzi inatoka mbali huko nje ya mfumo wa jua, ikifika kwenye hewa yetu inatengeneza kaboni-14, yaani kaboni nzito kidogo kuliko ya kawaida, kutoka kwenye naitrojeni, mti unaivuta kupitia majani na inabaki kwenye pete ya mwaka ule ule. Jua likichangamka, sumaku yake inazuia mionzi hiyo na kaboni-14 inapungua, likitulia inaongezeka. Ndo maana kati ya 1645 na 1715, kipindi ambacho watu wa darubini Ulaya waliona madoa machache mno kwenye jua, yaani lilikuwa limetulia, pete za miaka hiyo zina kaboni-14 nyingi. Na darubini zenyewe zimeanza kuangalia madoa karibu 1610 tu, huko nyuma zaidi miti ni shahidi mkubwa, mi hii kitu inanifurahisha sana kuifundisha.

Binti_Meru:
Mwalimu naomba niongezee hapo. Kuna wakati jua lenyewe linalipuka na kurusha chembe nyingi, hapo kaboni-14 inapanda ghafla badala ya kushuka. Fusa Miyake na wenzake wa Japan walionyesha 2012 kwamba kwenye mierezi ya kwao imeruka kama asilimia 1.2 kati ya mwaka 774 na 775, ni kubwa sana hiyo kwa mwaka mmoja. Mruko mwingine ni wa 993, na huo umesaidia hadi historia, maana kwenye mbao za Waviking, wale mabaharia wa zamani wa Ulaya Kaskazini, kule Newfoundland, Canada waliipata pete ya 993, wakahesabu pete 28 mpaka kwenye gome, wakajua mti ulikatwa 1021.

FundiKibosho:
Duh, mpaka mwaka wenyewe! Sasa huku tuna masika na vuli, mti si unaweza kuweka pete mbili kwa mwaka?

Mwl_Njiro:
Unaweza, na mwaka mwingine usiweke ya kueleweka, ndo maana kumbukumbu zile ndefu zinatoka sehemu zenye baridi kali kama mialoni ya Ujerumani. Gogo lako kama kuna mzee anajua lilipandwa mwaka gani, piga msasa kile kichwa mpaka kiwe laini, hesabu kuanzia kwenye gome kwenda ndani halafu utuwekee picha na idadi hapa.