Mjadala: Wazee wetu wanauawa kwa sababu ya mvi. Ni uchawi, ni shamba, au ni sisi tunaonyamaza?

MtuWaKakuyuni

Haya jamani, leo naliweka hili mezani mnipinge vizuri. Hapa kwetu Kilifi, pwani ya Kenya, kuanzia Ganze mpaka Magarini hakuna asiyejua habari ya mzee aliyekatwa mapanga usiku ati ni mchawi. Mvi zikitoka tu mtu roho yaanza kudunda, kuna wazee wanapaka nywele rangi nyeusi na si urembo, ni kuokoa shingo. Pale Kaya Godoma, kituo cha kuwahifadhi wazee walioitwa wachawi, kuna wazee wamekimbilia, watoto wao wako hai, minazi yao iko palepale, lakini kurudi kwao hawathubutu. Alafu sisi hawahawa tukienda Nairobi tukiitwa wavivu wa pwani tunalia ubaguzi.

Msimamo wangu ni huu. Vijana wengi hawawachukii wazee, na wengi hata huo uchawi hawauamini kivile. Ila kila mmoja anadhani wenzake wote wanaamini, yeye peke yake ndo mwenye shaka, basi anafunga mdomo. Nilikuwa kwenye matanga ya kijana aliyeanguka na pikipiki, usiku wa pili tunacheza karata, mmoja akasema "huyu hakufa bure", mwengine akaongeza "si mwajua alivyozozana na yule babake mdogo", hakuna aliyetaja jina, watu wakaguna mmhh, karata zikaendelea. Kuguna kule kulitosha. Nilipowauliza baadaye mmoja mmoja, yule wa kwanza aliniambia "mimi hayo siamini, lakini ungesema nini mbele za watu?" na wa pili akanijibu karibu vilevile. Yule babake mdogo hivi sasa hayuko kijijini, amehamia kwa bintiye Mtwapa.

Kwa hio tusipoteze hela kwa semina za kusafisha mioyo. Rwanda mwaka 1994 redio RTLM iliwaita Watutsi mende mpaka watu wakaona kuua ni kazi tu kama kazi nyengine. Miaka ya baadaye mtafiti mmoja Elizabeth Levy Paluck akachukua vikundi vya vijijini, vingine vikasikilizishwa mchezo wa redio wa mapatano mwaka mzima, vingine mchezo wa mambo ya afya. Imani za watu binafsi hazikusogea sana. Kilichosogea ni lile wanaloona linakubalika kusema na kutenda mbele za wenzao, hata kupinga hadharani. Mwisho kila kikundi kikaachiwa redio na kaseti za kutumia pamoja, wale wa mchezo wa afya wakasema apewe mkubwa wa eneo aziweke, wale wa mchezo wa mapatano wakaanza kubishana wenyewe watazitunza vipi. Mimi ubishi kama huo ndo nautaka kwenye matanga yetu.

Fundi_Maweni

Maneno matamu kaka lakini panga halikodishwi na ukimya. Kuna mtu katoa pesa. Mimi huuliza swali moja tu, mzee akishazikwa nani anauza?

Twende nyuma kidogo. Sheria ya hati za ardhi ya 1908 ilipokuja ukanda huu wa pwani, waliopata makaratasi ni waliojua njia ya kwenda kudai, wengi wa Mijikenda, wenyeji wa pwani hii, wakaamka asubuhi ni maskwota kwenye ardhi walozaliwa. Kipande kilichobaki ndani ndani huko kiko kwa jina la babu, babu hajagawa, wajukuu wamejaa hawana kazi, alafu dalali anakuja na gari anataka ekari tano. Mzee anasema haiuzwi. Miezi miwili mbele mzee amekuwa mchawi. Sasa hio ni saikolojia ama ni biashara?

Na mkitaka za kisomi mimi pia ninazo. 1954 kule Oklahoma, Marekani, mwanasaikolojia Muzafer Sherif alichukua watoto 22 wa kiume, wote wa umri wa miaka kumi na moja hivi, wote wa mazingira mamoja, akawagawa makundi mawili kambini, akaweka mashindano yenye zawadi za kundi moja tu. Muda si muda wanachomeana bendera na kuvamiana vibandani. Kuwaweka pamoja kula na kutazama sinema hakukusaidia kitu, walirushiana chakula. Walipoa pale maji yalipokatika kambini na lori la chakula likagoma kuwaka, ikabidi wavute kamba wote. Kwa hio ondoa zawadi ya mmoja kula na mwengine kukosa. Gawa shamba mzee akiwa hai, kila mtu taito yake, yaani hati ya shamba, mkononi, uone kama kutabaki mchawi.

Mwenye_Dawa

Nyinyi mmesoma sana mpaka mmesahau kwenu. Uchawi upo. Sisemi watu wauawe, nasema upo. Mtoto wangu alikufa na malaria, najua malaria inaletwa na mbu, daktari hana haja ya kunifundisha. Lakini watoto walilala chumba kimoja, mbu walewale, mbona akachaguliwa wangu? Nijibuni hilo na msiniletee Oklahoma.

MtuWaKakuyuni

Pole sana mzee wangu, na swali lako si la kipumbavu. Mtafiti Mwingereza Evans-Pritchard alikaa na Wazande kule Sudan akalikuta hilohilo, ghala limeangukia watu, wanajua wazi mchwa ndo walikula nguzo, wanachouliza ni mbona limeanguka saa ile ile watu wale wamekaa chini yake. Binadamu yeyote akifiwa anauliza hivyo, Mzungu na Mgiriama.

Ila angalia jibu huangukia wapi. Miaka yote hio mchawi hajawahi kuwa mheshimiwa, hajawahi kuwa mwenye hoteli, hajawahi kuwa yule broka wa Fundi. Ni mzee wa peke yake, mjane, mtu aso mtoto mjini wa kuja na wakili. Kama nguvu za kuua kwa mbali zingekuwepo kweli si zingekuwa kwa wenye nguvu? Swali lako ni la uchungu, jibu ndo la uonevu.

Mkazamwana

Nyote mwaongea kiume, shamba shamba shamba. Na bibi ambaye hata shamba si jina lake mbona pia anaitwa mchawi?

Wilaya ya Meatu huko Tanzania kwa Wasukuma, mchumi Edward Miguel alipekua mauaji kijiji kwa kijiji, akatoa kazi yake 2005. Mwaka ambao mvua imezidi kupita kiasi au imekataa kabisa, mauaji ya "wachawi" yanaongezeka mara mbili, mauaji mengine ya kawaida hayaongezeki. Wanaouawa wengi ni vikongwe wanawake, na nyumba zenyewe ni za kimasikini. Imani si ilikuwepo mwaka wa mvua nzuri pia? Kilichobadilika ni sufuria. Yule anayekula na haleti ndo anaonekana ana macho mabaya.

Mimi nimeolewa Langobaya, nitawaambia nilichokiona. Mama mkwe alikuwa anakaa nyuma ya nyumba anaitiwa chakula cha mwisho, mtoto akikohoa tu watu wanamtazama yeye. Zilipoanza kuingia zile elfu mbili za Inua Jamii, pesa za serikali za kuwasaidia wazee, kwa mwezi, wajukuu sasa wanagombania nani amsindikize kwa ajenti, na kikohozi cha watoto kimekuwa cha vumbi. Hakuna aliyehubiriwa hapo wala aliyesafishwa moyo. Ukinicheka nicheke, lakini elfu mbili ilifanya kazi ambayo baraza la chifu halikufanya.

Fundi_Maweni

Dada umenisaidia bila kutaka 😂 si nilisema ni mali

Mkazamwana

Wewe ulisema taito. Mimi nasema huyo bibi aonekane ana faida akiwa HAI. Taito za wajukuu zikitoka, bibi atabaki na faida gani kwao?

BintLangoni

Nawasoma nikiwa Lamu na niwaambie msione sisi huku tuko sawa. Kwetu mchezo ulikuwa nasaba. Waungwana wa majumba ya mawe upande mmoja, wazao wa watumwa na watu waliokuja juzi upande mwengine, na hata elimu ya dini ilikuwa na wenyewe. Habib Swaleh alipokuja kutoka Ngazija karne ya 19 akaenda kukaa na wale wa pembeni, akawasomesha watoto wao, akasoma maulidi na matari yakapigwa, wakubwa walinuna wee. Leo kwenye Maulidi ya msikiti wake wa Riyadha wajukuu wa walionuna ndo wa safu ya mbele. Hakuwaombea huruma, aliwapa elimu ileile iliyokuwa imefungiwa, wakawa watu wa kukaa nao safu moja. Ingawa jaribu kupeleka posa nyumba fulani hapa usikie "wa nani huyo?" likitoka kabla hujamaliza kahawa.

Ila kukaa pamoja peke yake si dawa. Juni 2014 Mpeketoni, mji wa huku Lamu, iliposhambuliwa, watu zaidi ya 60 wakauawa, Al-Shabaab wakajitangaza ndo wao, rais naye akasema ni mitandao ya siasa ya hapa. Wiki ile ile watu waliouziana nyanya na samaki miaka na miaka, huyu mbara huyu mpwani, walipitana sokoni bila salamu. Sote tulikuwa tumeishi pamoja! Mwanasaikolojia Gordon Allport alishaandika 1954 kwamba kukutana kunasaidia pakiwa na usawa, kazi ya kufanya kwa pamoja na wakubwa wanaounga mkono. Sisi tulikutana kwa mizani ya nyanya tu, hatukuwahi kukaa kamati moja ya kitu chochote cha maana. Kwa hio MtuWaKakuyuni, mtu akivunja ukimya kwenye matanga bila mkubwa kumuunga mkono, wewe unafikiri yeye hataitwa mchawi wa pili?

MtuWaKakuyuni

BintLangoni hapo umenishika. Lakini Fundi na Mkazamwana nawarudia nyinyi. Shamba na njaa vinampa sababu mtu mmoja, labda mpwa mmoja. Mpwa akimuua mzee kwa shamba ni muuaji, majirani watatoka na matochi. Ndo maana lazima kwanza jina la mchawi lizunguke miezi, kwa mnazi, kwa boda, kwa WhatsApp ya ukoo, ili siku mzee akipiga mayowe watu wafunge milango. Anayelipa panga halipii majirani. Majirani anawapata bure.

Na huyo mkubwa unayemtaka, sheria yenyewe ya uchawi ya 1925 inasema kumtuhumu mtu uchawi ni kosa, ila ukipeleka tuhuma kwa chifu au polisi si kosa. Yaani mlango umefungwa ukaachwa dirisha. Chifu anaitisha kikao, mzee anakalishwa katikati aulizwe, na kile kikao chenyewe ndo kinampaka.

Boda_Gede

Sasa mwafanya nini? Mimi kila wiki nabeba watu wa matanga, hayo maneno nayasikia mgongoni kwangu.

MtuWaKakuyuni

Pendekezo langu: siku ya mazishi, kabla ya lolote, familia isimame iseme marehemu ameuawa na nini. Pikipiki, sukari, presha, chochote. Na iseme waziwazi hakuna mtu wa kulaumiwa, chifu na mchungaji ama ustadh wakiwa wamesimama pale pale.

Mkazamwana

Na kama ni ukimwi? Kama kajinyonga? Familia itasema? Uongo utaonekana na hapo ndo mtafungua mdomo wa kijiji.

MtuWaKakuyuni

Basi ugonjwa usitajwe. Itajwe hio ya pili tu, kwamba hakuna wa kulaumiwa. Aseme mtoto mkubwa wa marehemu.

Fundi_Maweni

Mtoto mkubwa ndo huyohuyo mara nyingi analitaka shamba la babake mdogo. Tafuta msemaji mwengine.