Mrejesho: mada ya utafiti kwenye elektroniki za nguvu

Wakuu, niliuliza nitoe wapi mada mpya ya uzamili kwenye elektroniki za nguvu (saketi za kubadili na kudhibiti umeme, kama zile za inveta), maana kila ninachogusa naona kimeshafanywa. Wengi mlinielekeza kwenye transista (swichi za kielektroniki) zilizotengenezwa kwa silikoni kabaidi na galiamu naitraidi badala ya silikoni ya kawaida. Tamu kweli, zinawaka na kuzima haraka kuliko za silikoni na hupoteza nishati kidogo. Ila bila vifaa vya kupima kasi hiyo ningeishia kwenye simulesheni tu.

Aliyenifungua macho ni yule aliyesema niende kwa mafundi nikaangalie kinachokufa. Nimewazungukia wa inveta za sola, zile za kugeuza umeme wa DC kuwa AC: kapasita za elektrolaiti (vikopo vya kuhifadhi chaji vyenye kimiminika ndani) zilizovimba, makopo kwa makopo! Joto likipanda nyuzi 10, uhai wa kapasita hizo hupungua kwa karibu nusu, na inveta nyingine zimefungwa chini ya bati, jua la saa saba.

Basi mada ni kukadiria uhai wa kapasita inveta ikiwa kazini, kwa kufuatilia ukinzani wake wa ndani, ambao hupanda inavyozeeka. Msimamizi kakubali, lakini kanibana: nipime bila sensa ya bei mbaya. Mwenye uzoefu wa kupima mawimbi madogo ya volteji kwenye kapasita kwa maikrokontrola (kompyuta ndogo ya chipu moja) ya kawaida, karibu.