Naomba ushauri: .308 au 6.5 Creedmoor kwa bunduki ya shabaha?

Ndugu zangu, salaam kutoka Mombasa. Leseni ninayo, na nataka kuunda bunduki moja ya shabaha tu, si ya kuwinda. Nimekwama kwenye kaliba, yaani aina na ukubwa wa risasi.

Mwezi uliopita niliazimwa .308 pale uwanjani, mwenyewe kasimama pembeni yangu. Mita 300, kusi inavuma kwelikweli. Matundu matatu ya kwanza yakahama kushoto upana wa kiganja, na kufikia risasi ya kumi nikawa nafumba macho kabla ya kuvuta, kwa kuogopa teke. (Bega lenyewe halikuuma sana, aibu ndiyo iliyouma.)

Ndipo nikaanza kuitazama 6.5 Creedmoor, iliyotoka 2007. Risasi yake nyembamba ya greini 140 (kipimo cha uzito wa risasi) haisukumwi sana na upepo, na teke lake ni dogo. Lakini inakula mtutu mapema kuliko .308, ambayo ipo tangu 1952 na risasi zake ni rahisi kupata. Kwangu hilo la risasi ndilo zito: bunduki nzuri isiyo na risasi ni fimbo.

Mita 600 nitapiga mara chache. Je, faida ya upepo inaonekana kweli kwenye 300, au nichukue .308 na kujifunza kuusoma upepo? Au nianze na .22, ile ya risasi ndogo isiyo na teke kubwa, kwanza?

Halafu mtutu: kwa hewa hii ya chumvi, kuna aliyejuta kwa kutochukua wa chuma kisichoshika kutu?