Bosi kameza gunzi, hospitali wanataka dola 4,100 mpaka 6,300

Mama Junior, Columbus, Marekani (Jumapili, saa 5:50 usiku)

Jamani wa kikundi habari za usiku, samahanini najua kesho watu mna kazi. Niko parking ya hospitali ya wanyama. Wengi mnamjua Bosi, yule mbwa wa kahawia aliyekuwa anawazunguka miguuni wiki iliyopita kwenye nyama choma hapa kwangu. Tangu Ijumaa anatapika, nikajua ni mafuta ya nyama, nikampa uji mwepesi akatapika, maji akatapika, leo jioni nimemkuta kwenye kona ya jikoni mgongo kaukunja kama mzee mwenye kiuno na ukimgusa tumbo analia. Wakampiga eksirei hawakuona kitu cha maana, wakampiga altrasaundi wakaona. Gunzi. La mahindi ya kuchoma. Limekwama kwenye utumbo.

Wamenipa karatasi ina safu mbili, ya chini dola 4,100 na ya juu 6,300, na ile ya chini wanaitaka yote kabla hajaingia kwa kisu. Mia nane nimeshalipa za kumuona na vipimo. Nina dola 2,300 kwenye akaunti na hiyo ni nauli ya Desemba, mama yangu ana miaka sita hajanitia machoni. Dada wa mapokezi kaniuliza kwa sauti ya upole kama nataka "kufikiria njia nyingine", nyie mnaelewa, ile sindano ya kumlaza moja kwa moja. Junior yuko kiti cha nyuma anajifanya kalala.

Nani kapitia hii? Na kwa nyumbani Tanzania ni kama shilingi milioni kumi, hesabu hiyo nimeshaipiga msinipigie tena.

Kaka wa Houston (saa 6:20 usiku)

Pole sana dada. Mimi lilinikuta mwaka juzi na jike langu, alijaa usaha kwenye kizazi kwa sababu sikumfunga kizazi mapema, kumfunga siku ya kawaida kungenigharimu sehemu ndogo tu ya kile nilicholipa usiku ule. Kwa hiyo nakwambia niliyoyajua nimeshachelewa.

Usisaini bado. Rudi ndani waombe wakuchambulie karatasi mstari kwa mstari, halafu taja hela yako wazi kabisa, "nina elfu mbili na mia tatu, kwa hizi tunafanya nini". Sisi tunaona aibu tunasema ngoja niangalie, tunaenda kulia kwenye gari. Ukitaja kiasi daktari mara nyingi anaanza kupunguza mwenyewe, kulazwa usiku mmoja badala ya mbili, vipimo vya kurudiarudia vinatoka. Kisha muulize swali moja: akikaa na dripu mpaka asubuhi atavuka salama? Akisema ndiyo, kliniki za kawaida zinafungua asubuhi na zipo zinazofanya operesheni hiyo kwa bei ya chini kuliko emajensi ya usiku, unachukua picha na majibu yako unaenda, umevilipia ni vyako. Akisema utumbo unaweza kutoboka usimpeleke popote.

Watakutajia CareCredit au Scratchpay, hayo ni makampuni ya mikopo ya matibabu, maombi ni hapo hapo kwenye simu. Sasa hapa fungua macho. Ule mpango wa CareCredit wa "miezi 12 bila riba" riba ipo, imesubirishwa tu. Ikifika tarehe ya mwisho umebakiza hata dola ishirini wanakuletea riba yote kuanzia siku ya kwanza, na kwa mwaka inaweza kupita asilimia 30. Wewe chukua deni lako gawa kwa 11, lipa hiyo kila mwezi. Ule mlipo wa chini wanaokuandikia kwenye bili ukiufuata huo tu humalizi.

Mzee wa Dayton (saa 7:05 usiku)

Binti yangu nakuheshimu na pole kwa usumbufu. Lakini kikundi hiki tulikianzisha kwa ajili ya misiba na watoto wanaokuja masomoni. Mwezi uliopita tumehangaika kusafirisha mwili, watu wamechanga ishirini ishirini. Leo mbwa? Mimi nimekulia Singida, mbwa wetu alikula mifupa, magunzi, mpaka kandambili za babu, na alizeeka. Akiumwa anaenda kujitafutia majani. Katiba yetu kifungu cha michango hakimtaji mbwa.

Mdogo wenu wa Minneapolis (saa 7:30 usiku)

Shikamoo mzee. Mimi nafanya kazi kliniki ya wanyama, si daktari, ni yule anayemshika mbwa wakati wa sindano. Mbwa waliozeeka ndio mnaowakumbuka mzee, waliofia kichakani hakuna aliyewapasua kujua walimeza nini.

Dada, gunzi haliyeyuki tumboni hata siku moja. Linaweza kukaa tumboni siku nyingi mbwa anakula na kucheza kama kawaida, siku likishuka kwenye utumbo mwembamba linaziba kama kizibo. Likiwa bado tumboni kuna wakati linavutwa kwa kamera ya kupitishia mdomoni bila kisu, ila lako limeshashuka. Zile safu mbili maana yake ni hii: wakifungua wakakuta utumbo uko mwekundu na hai, wanachana sehemu moja, wanatoa, wanashona, hiyo ni bei ya chini. Wakikuta umekuwa mweusi umekufa, inabidi wakate kipande chote na kuunganisha ncha mbili, hiyo ndiyo bei ya juu, na hatari ya mshono kuvuja inapanda. Kwa hiyo kusubiri siku tatu kutafuta hela kunaweza kukusogeza kutoka safu ya kwanza mpaka ya pili. Masaa ya dripu sawa, siku hapana.

Na wengine mnaosoma, mbwa akimeza kitu msimpe maji ya chumvi atapike, wala maziwa, wala mafuta ya kula. Chumvi yenyewe inaua.

Shangazi, Leicester (Jumatatu asubuhi)

Nimeamka nakuta haya, pole mwanangu. Kwa wa Uingereza mnaosoma kimya kimya: kama unapokea Universal Credit, ile posho ya serikali ya wenye kipato kidogo, au msaada wa kodi ya nyumba na unaishi eneo lenye hospitali yao, PDSA, shirika la hisani la kutibu wanyama, wanatibu bure au kwa bei ya chini, wapo tangu 1917. Jiandikishe mnyama akiwa mzima, ukienda anatapika ndiyo unaanza kutafuta barua za uthibitisho utalia.

Wa Hamburg (Jumatatu mchana)

Huku Ujerumani bei za madaktari wa wanyama ziko kwenye sheria inaitwa GOT, ilipandishwa Novemba 2022, na usiku au wikendi kwa dharura wanatoza kuanzia mara mbili ya kiwango mpaka mara nne, juu yake euro 50 za kufunguliwa mlango. Ndiyo maana watu wanakata bima ya operesheni peke yake, ni nafuu kuliko bima kamili. Mimi kodi ya mbwa nalipa mjini kila mwaka, ila hiyo haimtibu mbwa, inatibu manispaa.

Mama Junior (Alhamisi usiku)

Asanteni wote, nimechelewa kujibu nilikuwa na shifti mbili. Nilirudi ndani nikataja hela yangu kama kaka alivyosema, sauti inatetemeka. Daktari akakaa chini kabisa kwenye kiti, akafuta mistari minne kwa kalamu. Akasema dripu usiku, kisu saa moja asubuhi, hapo hapo, hakutaka asafiri. Walikuta utumbo hai. Wamechana sehemu moja tu. Jumla imekuja 3,640 mbali na zile mia nane. Nauli imeliwa dola 1,500, elfu moja nimekopeshwa na mtu wa humu aliyeniandikia pembeni na hataki atajwe, iliyobaki 1,140 iko kwenye mkopo, nimegawa kwa 11 nimeandika kwenye mlango wa friji. Mama nimemwambia Desemba imesogea. Hakuniuliza sababu, akauliza tu Junior anakula vizuri.

Gunzi wamenipa kwenye mfuko wa plastiki, kifupi kama kidole gumba, bado lina alama za meno ya mtu. Bosi ana faneli shingoni ya kumzuia asilambe mshono, anagonga kila mlango.

Mzee wa Dayton, dola mia zimefika, marahaba yako nitakuja kuichukua mwenyewe. Sikusema limetoka sahani ya nani. Umejisema mwenyewe.

Swali: nikikata bima sasa hivi?

Mdogo wenu wa Minneapolis (Alhamisi usiku)

Kata, ila hili la utumbo wanaweza kuliandika ni tatizo la zamani wakalitoa. Magonjwa mengi unasubiri kama siku 14 ndiyo inaanza kufanya kazi. Na nyingi unalipa wewe kwanza hospitali ndiyo wao wanakurudishia, kwa hiyo usiache kuweka akiba ukidhani umemaliza. Nyuzi zinatoka baada ya kama wiki mbili, usimruhusu kuruka kwenye kochi.

Mzee wa Dayton (Ijumaa asubuhi)

Kikao cha mwezi ujao kiwe kwa Mama Junior kama kawaida. Mahindi nitaleta yaliyopukuchuliwa.